Mara Zote Shule Ilikuwa Imefungwa

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa ufuoni Bamburi, Mombasa, na watoto watatu wa kaka yangu. Nilikuwa na miaka mitatu ya ualimu. Siku ile ya pili ya Krismasi ufuo wa umma haukuwa na pa kutia mguu: wageni wa bara waliokuja kwa sikukuu, wauza madafu, wapiga picha, watoto wanaogombania maboya ya kukodi. Mwezi ulikuwa mpevu na bahari iko katika bamvua, kwa hiyo asubuhi maji yalikuwa yamepwa mbali sana, na kufikia adhuhuri yalikuwa njiani kurudi kama yanavyorudi kila siku tangu tuzaliwe.

Mchana ule yakaacha kurudi. Yalivutwa nyuma kwa dakika chache tu, mashua zikakaa juu ya mchanga, kisha yakaja kwa kasi ambayo maji ya kujaa hayana, kisha yakavutwa tena. Vijana wakakimbilia kule kulikokauka kuokota samaki. Wale watoto wakanivuta mkono: "Shangazi, twende na sisi!" Nikasimama, nikapiga hatua mbili tatu kuelekea majini.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akihangaika na ngalawa yake. Akatuona, akapaza sauti mpaka koo likamkauka: "Mwenda wapi nyinyi? Huu si wakati wake wa kupwa! Tokani! Watoeni watoto!" Nikageuka na watoto wangu. Niligeuka kwa sababu ya ile sauti yake, basi. Elimu sikuwa nayo. Baadaye askari wakaja kutuondoa sote ufukweni, na watu wengi walilalamika kwamba sikukuu yao imeharibiwa.

Usiku kwenye televisheni ndipo tulipoona Aceh, kule Indonesia. Ardhi ilikuwa imetetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra kabla kidogo ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi nzima kwa saa nyingi kabla ya kutufikia sisi mchana. Zaidi ya watu 220,000 walikufa katika nchi zilizozunguka bahari hii. Somalia, jirani zetu wa kaskazini, ilipoteza watu karibu 300. Kenya alikufa mtu mmoja. Mawimbi yalikuwa yamepungua nguvu yakifika, tena yalitukuta maji hayajajaa bado.

Baadaye nikasoma habari za msichana wa Kiingereza, Tilly Smith, aliyekuwa na miaka 10, aliyekuwa na wazazi wake siku hiyohiyo katika ufuo wa Mai Khao kule Phuket, Thailand. Majuma mawili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha dalili za tsunami. Akaona bahari inatoa povu kwa namna isiyo ya kawaida, akawaambia wazazi wake, ufuo ukaondolewa watu, na watu wapatao 100 wakapona. Yeye alikuwa mwanafunzi wa miaka 10. Mimi nilikuwa mwalimu, na jiografia nilikuwa nikiifundisha.

Sikuiacha habari hiyo inipite. Lakini kutoka kuijua mpaka kuifanyia kazi ilipita miaka mingi, na hilo linaniuma. Tulifundisha matetemeko kama tunavyofundisha maziwa na milima: jina, sababu, picha ya kuchora, swali la mtihani. Zoezi, ikiwa lilifanywa, lilikuwa la moto. Sababu inajulikana. Nchi hii imezika watoto wengi kwa moto wa mabwenini: wasichana wa shule ya Bombolulu, hapa jirani Kwale, Machi 1998; wavulana 67 wa Kyanguli, Machi 2001. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni, na nakala moja ilikuwa katika kabati la ofisi yetu ya walimu, safi kabisa.

Mwaka 2019 nikakabidhiwa mimi kazi ya usalama. Shule yetu ni ya msingi, ya umma, iko kisiwani upande wa bonde linaloteremka kuelekea mkono wa bahari wa Tudor. Jina lake silitaji. Ina jengo moja la ghorofa moja na mengine ya chini, uwanja mmoja, mwarobaini mkubwa, na geti moja.

Zoezi la kwanza tulilifanya Alhamisi saa nne kasoro. Nilikuwa nimewaeleza walimu juma zima. Kengele ikagongwa. Watoto wa gredi ya kwanza na ya pili wakatoka mbio wakishangilia, kwa sababu kengele ileile ndiyo ya mapumziko na uji. Darasa moja likaendelea kuimba nyimbo yake mpaka mwisho kwa kuwa mwalimu wao alikuwa ameenda ofisini kuchukua chaki na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Kwenye ngazi, wakubwa wa darasa la nane wakashuka kama maji ya mvua, na wadogo wakabanwa ukutani. Wote tulikubaliana tutoke nje ya geti kuelekea juu barabarani. Tulipofika, geti lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mlinzi, na mlinzi alikuwa kavuka barabara kunywa chai.

Tulisimama pale watoto mia saba na kitu, tunatazama kufuli. Saa yangu ilisoma dakika kumi na moja tangu kengele. Mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa karibu kustaafu, alinishika bega akasema polepole, "Bombolulu nako walifungiwa." Hakusema zaidi. Mlinzi wetu aliporudi na kutuona, alilia. Si kosa lake. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ufunguo ule ni sehemu ya shule.

Tangu siku ile ufunguo wa geti una nakala tatu. Mmoja unaning'inia kwenye msumari ndani ya chumba cha mlinzi, chini kiasi cha mtoto wa gredi ya nne kuufikia, na kila muhula mtoto mmoja wa kila darasa hufundishwa kufungua kufuli ile. Walimu wengine waliniambia ninawafundisha watoto kutoroka. Nikawaambia watoto wa kutoroka hupita ukutani, hawangoji ufunguo.

Kengele tukaitenganisha. Ya vipindi ikabaki palepale. Ya hatari ni rimu ya lori tuliyoitundika kwenye mwarobaini, inayogongwa kwa chuma bila kupumzika. Ya maji ni filimbi ndefu tatu. Maana hapa ndipo penye ugumu ambao mazoezi ya moto hayakuwa yametuandaa kwao: hatari mbili zaweza kutaka mambo mawili yanayopingana. Ardhi ikitetemeka, mtoto asikimbie. Ainame, aingie chini ya dawati, akinge kichwa, ashikilie mguu wa dawati mpaka mtikisiko uishe, ndipo atoke nje. Mafuriko yakija, kutoka nje ndiko kujiua, apande juu. Mtoto aliyezoea kwamba zoezi ni kukimbia uwanjani atakimbia uwanjani hata kama uwanja ndio uliojaa maji. Tulifanya mazoezi manne kabla hawajaacha kuchanganya, na mara ya pili nusu ya darasa la tano walijificha chini ya madawati kwa ajili ya mafuriko.

Jambo la pili alinifundisha msichana wa darasa la nne ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii. Alikuwa akisoma midomo yetu, akaketi mbele, na kwa kuwa alifanya vizuri darasani tulikuwa tumesahau. Baada ya zoezi la tatu aliniletea karatasi aliyoikunja mara nne. Alikuwa ameandika: "Mwalimu mimi naona watu wanakimbia tu. Sijui kama ni moto au maji au mchezo." Nilikuwa nimekaa majuma kadhaa nikishughulikia sauti ya rimu na urefu wa filimbi. Tangu hapo kila mtoto ana mwenzake wa dawati, na kazi ya kwanza ya kila mmoja ni kumgusa mwenzake begani: mara mbili maana yake chini, kiganja kuinuliwa maana yake juu. Msichana yule ndiye aliyetunga zile ishara. Zimewafaa hata wanaosikia, kwa sababu rimu ikianza kulia hakuna mtu anayeweza kusikia mwingine anasema nini.

Kuhusu hofu nitasema kwa ufupi, ingawa ni jambo zito. Mara moja mwenzetu, kwa nia njema, aliingia darasa la watoto wadogo akipiga kelele, "Maji yanakuja! Maji yanakuja!" ili waone kama kweli. Mtoto mmoja alikojoa palepale, na mama yake akaja kesho yake kuniambia kwamba mwanawe hakulala. Nilimwomba radhi mama yule na nikamwomba radhi mtoto. Hatuigizi tena. Watoto huambiwa wazi kwamba leo tunafanya zoezi, na wakilizoea ndipo tunalifanya bila kuwaambia siku. Mtoto aliyeogopeshwa hukumbuka woga, mikono yake haikumbuki kitu.

Kisha ikaja Agosti 2020. Shule zote nchini zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Jumatano ya tarehe 12, yapata saa mbili na robo usiku, ardhi ilitikisika. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 6.0 hivi, kitovu chake baharini upande wa Tanzania, na lilisikika Dar es Salaam na hapa Mombasa. Nilikuwa jikoni. Vikombe viligongana kabatini kwa muda mfupi, basi. Hakuna nyumba iliyoanguka kwetu. Lakini mtaani watu walijaa, wengine na taulo viunoni, na katika jengo la jirani mama mmoja alianguka ngazini akateguka kifundo kwa sababu wote waliteremka kwa pamoja huku mtikisiko ungali ukiendelea.

Saa tatu simu yangu ikalia. Alikuwa mvulana wa darasa la sita, anazungumza kwa simu ya babake. Wao wakikaa orofa ya nne, mtaa wa Majengo. Aliniambia amemwingiza bibi yake na mdogo wake chini ya meza ya chakula, na kwamba bibi alikuwa akimgombeza muda wote kwamba meza hiyo ni ya kulia, si ya kulala. Mtikisiko ulipokoma wakateremka polepole kwa ngazi. Nikamshukuru Mungu, nikampongeza. Halafu akaniuliza: "Sasa mwalimu, na bahari?"

Nikanyamaza.

Nilikuwa nimewafundisha tetemeko. Nilikuwa nimewafundisha maji. Sikuwa nimewaunganishia. Mtoto wa miaka 12 aliyekuwa amesimama gizani na bibi yake ndiye aliyeona kwamba la kwanza linaweza kulileta la pili, na kwamba mtu wa mwambao akihisi ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu hapaswi kwenda ufuoni kutazama. Nilimwambia wakae mbali na maji na wasikilize redio. Usiku ule bahari haikufanya kitu. Lakini mimi sikulala, na si kwa sababu ya tetemeko.

Kilichonikosesha usingizi ni hesabu ndogo. Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, tena likizo. Agosti 2020 shule zimefungwa. Mara zote mbili ambazo ardhi ya bahari hii imetugusa katika maisha yangu ya ualimu, hapakuwa na rimu, wala filimbi, wala mstari wa kujipanga uwanjani, wala mimi. Nikajihesabia: mtoto wa shule ya kutwa, ukitoa usiku, Jumamosi, Jumapili na likizo, yuko mikononi mwetu sehemu ndogo ya mwaka. Tulikuwa tumejenga zoezi zuri la mahali ambapo mtoto mara nyingi hayupo.

Miezi ile ya kufungiwa nilisoma sana habari za Japani, kwa kuwa wao wamelifanya jambo hili kwa vizazi. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la 9.0 lilipoleta tsunami, shule mbili tofauti zilipata mambo mawili tofauti. Katika mji wa Kamaishi, wanafunzi wa sekondari ya chini ya mashariki mwa mji walianza kukimbia mlimani wenyewe. Wale wa shule ya msingi jirani walikuwa wamepanda orofa ya juu ya jengo lao. Walipowaona wakubwa wanakimbia, wakashuka wakawafuata. Wakafika mahali palipopangwa kuwa pa usalama, wakaona hapatoshi, wakaendelea kupanda, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Mahali pale pa kwanza maji yalipafikia. Karibu watoto 3,000 waliokuwa shuleni katika mji ule siku hiyo walipona. Mtaalamu aliyewafundisha kwa miaka kadhaa, profesa Toshitaka Katada, alikuwa amewaambia wasiiamini ramani, wafanye kila wawezalo, na wawe wa kwanza kuondoka.

Katika shule ya msingi ya Okawa, katika mji wa Ishinomaki, watoto walitoka darasani vizuri, wakajipanga uwanjani vizuri, wakangoja. Walingoja kiasi cha dakika 50 huku watu wazima wakishauriana waende wapi. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Watoto 74 na walimu 10 walikufa.

Nilisoma habari hizo mbili mara nyingi, nikitazama dirishani kwenye uwanja mtupu. Mstari wangu mzuri chini ya mwarobaini ulikuwa mstari wa Okawa.

Shule zilipofunguliwa nikaomba ruhusa ya zoezi la namna nyingine. Mwalimu anafundisha, kisha anatoka darasani bila neno. Rimu inalia. Hakuna mtu mzima anayesema kitu. Tunasimama pembeni tunaangalia. Mwenzangu mmoja alinipinga mbele ya wote: alisema mtoto wa Kiswahili hulelewa kumsikiliza mkubwa, na mimi namfundisha utovu wa adabu. Sikulidharau neno lake, kwa sababu nami nimelelewa hivyo. Nilimjibu kwamba yule mvuvi wa Bamburi alikuwa mkubwa, na askari walikuwa wakubwa, lakini mkubwa aliyewashika wale watoto mkono alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nawapeleka majini. Hakukubali siku ile. Muhula uliofuata ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka darasani kimya.

Mara ya kwanza watoto walikaa tu. Dakika tatu nzima wanatazama mlango, wanamngoja mwalimu. Mara ya pili kiranja alisimama. Mara ya tatu aliyesimama si kiranja, ni mtoto mmoja mtundu wa nyuma ambaye hatukumtarajia, akasema, "Kwani twangoja nini?" Wakatoka.

Kwa wadogo nilitumia njia ya zamani zaidi. Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha lile tetemeko la 2004, kulikuwa na watu kama 78,000, na waliokufa walikuwa 7. Wazee wao walipigwa na mawimbi mwaka 1907, wakaliweka neno lao, smong, katika masimulizi na nyimbo za kulazia watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikikimbia, nawe kimbilia mlimani. Kwetu nyimbo hazikosekani. Nikatunga mistari miwili ya maji, wasichana wakaifanya ya kuruka kamba, wakaongeza mingine ambayo mimi sikuitunga: "Maji huyaoni chini, usitie mguu wako; rula fupi humwangusha babako na mamako; rula ndefu huchukua gari la mjomba wako."

Rula ni rula kweli. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuchukua gari dogo. Kila mtoto ana rula hizo mbili mkobani. Tulizisimamisha sakafuni kila mmoja aone zinamfika wapi mguuni. Fupi iliishia chini ya goti la mtoto wa gredi ya tatu. Sijawahi kuona darasa limekaa kimya namna ile kwa ajili ya rula.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilipiga Mombasa. Mliokuwepo mnakumbuka: barabara zikawa mito, nyumba za watu zikaingia maji, magari yakaachwa njiani. Muhula ulikuwa umeisha mwanzoni mwa mwezi. Shule, tena, ilikuwa imefungwa.

Mama mmoja alinijia nyumbani siku chache baadaye na kapu la maembe. Alikuwa akitoka soko la Kongowea na binti yake wa gredi ya tatu, wamebeba samaki na mboga. Wakakuta barabara imefunikwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda. Watu wanashikana mikono wanavuka. Naye akapandisha buibui lake, akamshika binti. Binti akaketi chini, matopeni. "Mama, chini yake hakuonekani." Akamvuta, akamkemea, watu wakacheka. Binti hakuinuka. Akatoa rula mfukoni, aliyokuwa akitembea nayo hata likizo, akaizamisha ukingoni. Ikazama yote.

"Mwalimu," mama yule akaniambia, "niliona haya mbele za watu. Nikakaa naye barazani pa duka, saa mbili nzima, samaki wanaharibika." Walipokuwa wamekaa pale, mwanamume mmoja aliyekuwa akivuka kwa kujiamini alizama mpaka kifuani. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umeondoka. Vijana walimvuta wakamtoa, hai. Sisemi kwamba mtoto yule aliokoa maisha ya mamake; hakuna anayeweza kujua wangepita wapi. Nasema mtoto wa miaka 8 aliketi matopeni peke yake dhidi ya mamake, watu wazima na aibu, na alikuwa sahihi.

Nilimuuliza mama kama alimpiga. Akainamisha uso. "Kibao kimoja. Kabla ya yule mwanamume kuzama." Kisha akaniomba kitu ambacho nilipaswa kuwa nimekifanya mwanzo kabisa: nije kuwafundisha wao, wazazi.

Mkutano wa wazazi haukuwa mwepesi. Wako waliosema mambo haya ni kuitia balaa, ukilitaja sana linakuja. Mzee mmoja akasema lililoandikwa limeandikwa. Sikuwa na jibu la kuwatosheleza, na sidhani lilikuwa langu kulitoa. Aliyejibu ni ustadhi wa madrasa ya mtaani, aliyekuja kama mzazi. Akawakumbusha hadithi ya Mtume ya kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu. Akaketi. Baada ya mkutano akanifuata uwanjani: "Mwalimu, alasiri hawa watoto wako kwangu. Jumamosi asubuhi pia. Na chumba changu kina mlango mmoja."

Tulianza naye mapema 2024. Mwishoni mwa Aprili mafuriko yakazidi nchini, ufunguzi wa shule ukaahirishwa mpaka Mei 13, na mwanzoni mwa Mei tukaonywa kuhusu Kimbunga Hidaya, ambacho hatimaye kilipiga upande wa Mafia, Tanzania. Majuma yale yote shule zimefungwa, madrasa ya ustadhi ilikuwa wazi, na watoto wetu walikuwa wakikutana pale.

Jumamosi moja nilikwenda kutazama. Sikuongoza. Wakubwa wa shule yetu ndio waliokuwa wakiwaelekeza wadogo, wengine wa shule nyingine kabisa ambao sijawahi kuwafundisha. Wamekaa mikekani, kila mmoja na marufaa yake mbele, kile kibao cha kuwekea msahafu. Msichana asiyesikia, ambaye sasa ni mkubwa, alikuwa pembeni akionyesha ishara zake za bega. Ustadhi akaeleza: kutetemeka kukianza, inama, kinga kichwa kwa mikono miwili.

Mvulana mdogo, miaka 6 hivi, akainua mkono. "Ustadhi, na msahafu nikiwa nimeushika?"

Chumba kizima kikamgeukia ustadhi. Nami pia, kwa kuwa katika mazoezi yote niliyoyapanga sikuwahi kulifikiria swali hilo. Ustadhi alikaa kidogo. Akachukua msahafu wa mtoto yule, akaubusu, akauweka juu ya marufaa taratibu. "Uweke hapa. Mwenyewe Mola ataulinda. Wewe linda kichwa ulichouhifadhia."

Mtoto akaangalia marufaa, akaangalia mikono yake mitupu, akaiweka kichwani.

"Tena," ustadhi akasema. "Kuanzia mwanzo."